Kutoka boksi la kompyuta hadi sakafu ya ghorofa: historia ya kalibu isiyovuliwa

Ukinunua kompyuta mpya, kitu cha kwanza kukutana nacho, hata kabla ya skrini yenyewe, ni ile plastiki nyeupe, nyepesi, yenye punjepunje, inayolia kwii-kwii unapoichomoa kwenye boksi. Wengi wetu tunaitupa jaani. Watoto wakiipata wanaivunjavunja na sebule nzima inageuka kilele cha Mlima Kenya. Leo nataka niwasimulie kuhusu watu walioichukua plastiki hiyo hiyo, wakaipanga kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, wakatandika vyuma juu yake, wakamwaga zege tani kwa tani, kisha wakahamia ndani na kulala chini yake usingizi wa pono.

Kabla hamjaniuliza kodi na mjengo vinahusiana vipi, vumilieni kidogo. Hii ni hadithi ya kitu cha muda kilichokataa kuondoka. Kama umewahi kuandika kipande cha programu "cha kujaribia tu", ukakikuta bado kinahudumia wateja miaka mitano baadaye, basi nusu ya hadithi tayari unaijua.

Teknolojia yenyewe huitwa kwa herufi tatu, ICF: kalibu za povu zinazozuia joto, ambazo zege humwagwa ndani yake na hazivuliwi tena. Kwa upande wa kuta, wapenzi wa mambo ya ujenzi wengi wamewahi kuzisikia. Mimi nataka upande usiozungumzwa sana, yaani sakafu za ghorofa na paa. Ukuta ukikosewa utapasuka, utapinda, na utauona. Sakafu ikikosewa inakuja chini na watu wake.

Tuanze na tatizo. Zege (au konkriti, ukipenda) likiwa bichi ni uji, tena uji mzito ajabu: mita moja ya ujazo ina karibu kilo 2,400. Lazima kuwe na kitu cha kulishika hadi lijishike lenyewe, na zege hujishika polepole. Kipimo ambacho wahandisi wamezoea ni siku 28. Kitu hicho cha kulishika ndicho kalibu: mbao chini, mbao pembeni, na msitu mzima wa miti ya mikalitusi ukisimama chini yake kuitegemeza. Pita kwenye mjengo wowote Nairobi utauona msitu huo. Unasimamishwa, unatumika, unabomolewa. Yaani fundi anajenga sakafu mbili. Ya kwanza ni ya mbao na hakuna atakayeishi juu yake. Ya pili ndiyo ya zege.

Wazee wa pwani yetu walikuwa na jibu lao, na lilikuwa jibu zuri. Nyumba za mawe za Lamu, kama za Zanzibar na miji mingine ya Waswahili, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu ya juu ilianza kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti yalitandikwa mawe bapa, na juu ya mawe ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na vipande vya matumbawe, ukashindiliwa kwa mipigo mpaka ukawa kitu kimoja. Hakuna aliyezitoa boriti baadaye. Zilikuwa kalibu, zilikuwa mhimili, na zilikuwa dari ya chumba, vyote kwa pamoja. Ila mkoko una nguvu zake na mwisho wa nguvu zake. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana mara nyingi hauzidi mita tatu hivi. Umbo la chumba liliamuliwa na mti. Wanaprogramu wenzangu wataitambua hali hii: kikwazo cha vifaa kikakaa sana hadi kikawa mtindo, na sasa watalii wanakipiga picha.

Turuke hadi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Thomas Edison, yule yule wa balbu, alikuwa na kiwanda cha saruji huko New Jersey na alitaka saruji hiyo ipate kazi. Mwaka 1908 aliomba hataza (ile haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi) ya kujenga nyumba nzima kwa kumwaga zege mara moja tu: kuta, sakafu, ngazi na paa. Hataza ilitoka mwaka 1917. Wazo ni tamu hata leo. Unafunga kalibu, unamwaga uji kutoka juu, unasubiri, unafungua, nyumba hiyo hapo. Tatizo ni kwamba kalibu zake zilikuwa za chuma cha kutupwa na seti moja ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000. Kabla hujapata nyumba ya kwanza ulitakiwa kununua mlima wa chuma. Nyumba chache zilijengwa kweli, baadhi yake katika mji wa Union, New Jersey, mwaka 1917. Kisha biashara ikafa. Zege lilikuwa rahisi. Kilichomshinda Edison ni gharama ya kile kinacholishika zege, na miaka 100 baadaye ukimuuliza mkandarasi yeyote atakuambia bado analia na jambo hilo hilo.

Huko Ulaya tatizo lilitazamwa kwa upande mwingine. François Hennebique, mkandarasi Mfaransa, alipata hataza mwaka 1892 ya mfumo wa zege lenye vyuma ambamo nguzo, mihimili na sakafu vinaungana kuwa mwili mmoja. Ili uone umuhimu wake, chukua kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, kiweke juu ya vitabu viwili, kisha ukibonyeze katikati. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Sakafu hufanya hivyo hivyo. Zege linavumilia sana kubanwa, lakini likivutwa linakatika kama biskuti. Kwa hiyo upande wa chini kazi yote ya kuvutwa inafanywa na vyuma, na zege lililoko kati ya chuma na chuma huko chini ni abiria asiyelipa nauli: limekaa tu, na uzito wake unabebwa na wengine.

Basi mshushe abiria huyo. Acha zege jembamba juu, na chini yake acha mbavu zenye vyuma, kila moja ikiwa na umbo la herufi T pamoja na kipande cha sakafu kilicho juu yake. Hesabu yake iko hivi (vipimo ni vya mfano wangu, si vya nyumba yako). Slabu ya kawaida yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinabebeshwa kilo 7,200. Sasa chukua sakafu ya mbavu: zege la juu sentimita 6.5, mbavu zenye upana wa sentimita 12.5 na kina cha sentimita 20, moja kila baada ya sentimita 60. Ukipiga hesabu unapata takriban kilo 256 kwa mita ya mraba, au kilo 5,100 hivi kwa chumba kile kile. Uzito umepungua zaidi ya robo. Na wakati huo huo kina cha sakafu kimepanda kutoka sentimita 15 hadi 26.5, na kina ndicho kinachoipa sakafu ugumu wa kutopinda. Umepata zaidi kwa kutumia kidogo, jambo ambalo katika dunia hii halitokei mara nyingi.

Swali linalobaki ni moja: hizo nafasi kati ya mbavu utazijaza na nini wakati zege ni bichi? Jibu la kwanza, Ulaya na Marekani, lilikuwa matofali ya udongo wa kuchoma yenye matundu, yanapangwa juu ya mbao na kuachwa humo humo. Njia hiyo ilifika mbali. Hapa Kenya majengo mengi yana sakafu za matofali ya matundu, na mafundi wetu wanaifahamu kazi hiyo vizuri. Lakini tofali ni zito kulibeba juu ghorofani, linavunjika, na bado linahitaji mbao chini yake.

Hapo ndipo ile plastiki ya boksi inapoingia.

Polisterini yenyewe ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1839 mwuza dawa wa Berlin, Eduard Simon, aliipata katika utomvu wa mti bila kujua hasa ana nini mkononi. Karibu karne nzima ilipita kabla haijawa bidhaa ya kiwandani. Kuigeuza povu kulifanyika kwa njia mbili. Huko Marekani, kampuni ya Dow ilikuja na povu la kusukumwa kwenye mashine wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa maboya ya uokoaji baharini, maana halinywi maji. Huko Ujerumani, Fritz Stastny wa kampuni ya BASF alipata njia ya punje, mwaka 1949 na kuendelea. Inasimuliwa kwamba alisahau sampuli yake ndani ya kikopo cha rangi ya viatu kwenye kabati la joto, na aliporudi akakuta povu limefurika na kumpita kikopo kimo. Iwe ilikuwa hivyo hasa au imetiwa chumvi, punje zile zikipata mvuke huvimba na kushikana, na ukizivimbisha ndani ya kalibu zinachukua umbo lake. BASF iliiita bidhaa hiyo Styropor na kuionyesha kwenye maonyesho ya plastiki ya Düsseldorf mwaka 1952. Naomba mlikumbuke jina la mji huo, tutarudi kwake.

Povu la aina hii linalotumika majengoni huwa na kilo 15 hadi 30 tu kwa mita ya ujazo, sehemu kubwa yake ikiwa hewa. Linganisha na zile 2,400 za zege. Kipande kinachojaza nafasi ya matofali kadhaa, mtoto wa shule anaweza kukibeba kichwani akipiga mluzi.

Wazo la kuacha kalibu mahali pake lilikuwa limeshatangulia. Uswisi, kwa jina la Durisol, walikuwa wanatengeneza matofali matupu ya vipande vya mbao vilivyoshikanishwa kwa saruji, unayapanga na kumwaga zege ndani, na yakapata soko wakati Ulaya ilipokuwa inajijenga upya baada ya vita. Kilichofanywa na mkandarasi wa Kanada, Werner Gregori, ni kuyaoanisha mawazo mawili. Mwaka 1966 aliomba hataza ya kalibu ya povu: tofali lenye urefu wa inchi 48 na kimo cha inchi 16, lenye meno ya kushikana na jirani yake, na vyuma vya kuunganisha upande wa ndani na wa nje. Unalipanga kama Lego, unasimamisha vyuma, unamwaga zege katikati. Povu linabaki pande zote mbili kama koti. Halafu ukaja mwaka 1973 na bei ya mafuta ikapanda kama roketi, na watu wa nchi za baridi ghafla wakaanza kuhesabu joto linalotoka kwenye kuta zao.

Lakini angalieni: hizo ni kuta. Kwa miaka mingi nyumba ya ICF Amerika ya Kaskazini ilikuwa na kuta za zege na sakafu za mbao, na kichwani kofia ya mbao. Mwongozo wa kujenga nyumba za ICF uliotolewa mwaka 1998 kwa udhamini wa wizara ya nyumba ya Marekani, ule uliomwezesha fundi kujenga kwa kusoma majedwali, ulihusu kuta. Sakafu ya zege ikaachwa mikononi mwa mhandisi.

Sababu si uvivu. Zege bichi ukutani linasukuma povu kwa pembeni, na vyuma vya katikati vinalizuia. Sakafuni povu linatakiwa kubeba zege bichi, pamoja na vyuma, pamoja na mafundi sita wenye mabuti na mpira wa pampu, huku likiwa limelala kati ya tegemeo na tegemeo. Povu tupu litapinda, kisha litakatika. Na historia ya kutegemeza zege bichi ina makaburi.

Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads, Virginia, jengo la makazi lililokuwa linaelekea ghorofa 26 lilikuwa linaendelea kumwagwa zege kwenye ghorofa ya 24. Nguzo za muda zilizokuwa zinaitegemeza ghorofa ya 23 ziliondolewa mapema mno. Zege halikuwa limeshika. Sakafu ile ikaiangukia ya chini yake, zote mbili zikaiangukia ya tatu, na kuendelea hivyo hadi chini kabisa. Wafanyakazi 14 walikufa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, jukwaa la kufanyia kazi lililokuwa limefungwa kwenye zege la siku moja lilianguka kutoka kwenye mnara wa kupozea mvuke. Walikufa watu 51. Uchunguzi ulionyesha kuwa zege halikuwa limepata nguvu za kutosha kwa mzigo lililobebeshwa. Siku zile zilikuwa za baridi, na zege likiwa katika baridi linachelewa. Kalenda ilisema siku imepita. Zege lilihesabu kwa saa yake.

(Ndiyo maana siku hizi kwenye miradi mikubwa huzikwa vihisi vya joto ndani ya zege. Vinarekodi joto na muda, na programu inakadiria nguvu. Hapo kazi yetu sisi watu wa kompyuta inaanza kuonekana, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Jibu la sakafu lilitoka Ulaya. Kampuni ya Plastedil ya Uswisi, ambayo mvumbuzi anayetajwa kwenye hataza zake ni Piero Cretti, ilitengeneza mfumo ulioitwa Plastbau. Badala ya kukata povu na kulipanga juu ya mbao, mashine ililivimbisha povu likiwa tayari limevizunguka vipande viwili vya chuma chembamba kilichopakwa zinki, vikienda urefu wote wa paneli. Povu likapata uti wa mgongo. Paneli ikatoka ndefu kadiri unavyotaka na kukatwa kwa kipimo cha chumba. Kufikia miaka ya 1990 mfumo huo ulikuwa na hataza hadi Marekani, na huko wazo hilo likauzwa kwa majina kama Insul-Deck, LiteDeck, AMDECK, BuildDeck na Quad-Deck. Ukizitazama kwa mbali ni ndugu wa baba mmoja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kuta zikishafika kimo, unasimamisha chini mistari ya mihimili ya muda na nguzo zake, takriban kila mita 1.8. Linganisha na msitu wa mikalitusi: hapa unaweza kupita katikati ukiwa na toroli. Paneli, ambazo kwa kawaida zina upana wa futi mbili, zinapandishwa kwa mkono na kulazwa ubavu kwa ubavu. Zimechongwa ili mbili zikikutana zinaacha mfereji kati yake, na mfereji huo ndio utakaokuwa ubavu wa zege. Vyuma vinalazwa mferejini, vikiinuliwa kidogo kwa vishikizo ili zege livizunguke pande zote. Juu ya kila kitu unatandikwa wavu wa chuma. Kisha zege linamwagwa, kwanza mferejini na baadaye juu, na hapa msimamizi mzuri utamjua kwa sauti: anapiga kelele zege lisirundikwe mahali pamoja, maana rundo moja linaweza kuwa na uzito ambao paneli haikupangiwa. Zege likishika, nguzo zinaondolewa lakini povu linabaki. Na vile vipande vya chuma ndani yake havijamaliza kazi, kwani mabodi ya dari yanafungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye hivyo. Kalibu ya jana ndiyo fremu ya dari ya leo. Boriti ya Lamu ingecheka.

Kilichowasukuma Wamarekani kuweka zege kichwani, na si kuta tu, ni upepo. Mwezi Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipita kusini mwa Florida na kung'oa mapaa ya mbao mtaa kwa mtaa. Paa likishaondoka, kuta hazina wa kuzishika. Chuo cha Texas Tech huko Lubbock kina mzinga wa hewa unaofyatua ubao wa kilo 6.8 kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa ili kuona ukuta gani utauzuia, kwa sababu kwenye kimbunga cha nchi kavu kinachoua mara nyingi ni ubao wa nyumba ya jirani. Kuta za ICF ziliuzuia. Paa la chumba cha kujificha nalo hupimwa, kwa kasi ya kama kilomita 108 kwa saa, maana vitu huanguka pia. Mwaka 1998 shirika la maafa la Marekani, FEMA, likatoa kijitabu cha ramani za vyumba vya kujificha ndani ya nyumba, na chumba cha namna hiyo bila kifuniko kigumu ni ndoo tu. Kisha kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005: huko Pass Christian, Mississippi, nyumba moja ya ICF iliyokuwa karibu kumalizika kujengwa ilibaki imesimama, na jirani zake wakabaki na misingi mitupu.

Sasa turudi Düsseldorf kama nilivyoahidi. Tarehe 11 Aprili 1996, mafundi walikuwa wanachomelea chuma kwenye barabara ya juu inayopita nje ya uwanja wa ndege wa mji huo. Cheche na chuma kilichoyeyuka vikapenya kwenye upenyo wa slabu na kuangukia povu la polisterini lililokuwa juu ya dari ya jengo la abiria. Moto ulitambaa ndani ya dari bila kuonekana. Ulipojitokeza, moshi ulijaa ndani ya dakika chache. Watu 17 walikufa, wengi wao kwa moshi. Mji ulioshangilia povu hilo mwaka 1952 ndio uliolipa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wauzaji wa povu hulipitia haraka. Zege haliungui, lakini koti lake linaungua, na kabla ya kuungua linayeyuka na kudondoka. Kwa hiyo povu la sakafuni halitakiwi kamwe kuachwa wazi juu ya chumba wanamoishi watu. Lazima lifunikwe kwa bodi ya jasi au plasta inayostahimili moto kwa muda uliowekwa na kanuni. Dawa ya kupunguza moto iliyokuwa inachanganywa kwenye povu kwa miongo mingi, inayojulikana kwa herufi HBCD, nayo ilikutwa inadumu katika mazingira na ndani ya miili ya viumbe. Mwezi Mei 2013 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa, huku povu la majengo likipewa muda wa kubadilisha. Ukiletewa povu kuukuu la kubomoa jengo, kumbuka hilo.

Na mchwa? Mchwa hawali povu, lakini wanalichimba kama njia ya chini kwa chini kuifuata mbao. Kusini mwa Marekani, katika miaka ya 1990, kanuni zilianza kuzuia povu lililozikwa ardhini katika maeneo yenye mchwa wengi. Sakafu ya ghorofa na paa viko mbali na udongo, kwa hiyo hapo kuta za msingi ndizo zenye kesi.

Kwetu Kenya povu la ujenzi limekuja kwa mlango mwingine. Shirika la Taifa la Nyumba, NHC, lilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 kiwanda cha paneli za povu huko Mavoko, kando ya barabara ya Mombasa. Wengi wakiziona wanadhani ni ICF. Si hivyo. Ile ni paneli ya povu katikati na wavu wa chuma pande zote mbili, kisha unapaka mchanganyiko wa saruji na mchanga nje. ICF ya ukuta ni kinyume chake: povu nje, zege ndani. Jamaa hao wawili wamebadilishana mashati. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu hesabu ya mhandisi kwa mfumo mmoja haihamishiki kwenye mwingine, kama vile huwezi kuchukua maktaba ya Java ukaibandika kwenye PHP ukategemea ifanye kazi.

Kwa mtu wa Nairobi kinachovutia pengine si ghorofa ya kati, ni ile slabu ya juu kabisa. Mnaijua: slabu tambarare, matangi ya maji, nguo zilizoanikwa, na vyuma vinavyochomoza kuelekea mbinguni vikisubiri ghorofa itakayojengwa pesa zikipatikana. Slabu hiyo inakula jua mchana kutwa na kulitapika usiku kwa aliyelala chini yake. Povu linapitisha joto kwa kiwango cha chini ya moja ya thelathini ya zege, kwa hiyo sentimita chache tu chini ya slabu zinabadilisha chumba. Maji ni jambo jingine kabisa. Povu halizuii mvua kupita kwenye ufa wa zege, linaificha tu ili usiuone ufa mpaka bodi ya dari itakapoanza kubadilika rangi, na kwa hiyo tabaka la kuzuia maji juu ya slabu linahitajika vile vile kama zamani. Fundi wa umeme naye aitwe mapema. Mifereji ya nyaya hukatwa kwenye povu kwa waya wa moto dakika chache tu, kazi ambayo kwenye slabu ya kawaida ingekuwa patasi, nyundo na vumbi la siku mbili, lakini mabomba yanayopenya sakafu yote lazima yapangiwe nafasi kabla ya zege, tena katikati ya paneli, kwenye povu. Anayetoboa baadaye bila kujua mbavu zilipo atakuwa anatoboa ile mifereji michache inayoibeba sakafu nzima.